Bi Lenz Hakuzaliwa Lenz

Bi Lenz alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akitoka bustanini na kikapu cha viazi, au akirudi kanisani, alisimama kizingitini, akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza, ndipo akaingia. Ndani hamkuwa na mtu. Kwa miaka mingi hamkuwa na kiumbe ila paka, na paka hakuwahi kumjibu karibu.

Nilipohamia jirani naye, ghorofa ya juu ya iliyokuwa karakana ya mhunzi, nilidhani ni uzee. Kazi yangu ni uuguzi wa kuzunguka majumbani, na mambo ya wazee nimeyazoea. Siku moja nikamwuliza, huku namfunga kidonda cha mguuni.

"Unambishia nani hodi, Bi Lenz?"

"Namjulisha mwenye nyumba kwamba nimerudi."

"Mwenye nyumba si wewe?"

"Ndivyo wasemavyo." Akanisukumia kikombe cha kahawa. "Legeza hiyo bendeji, mwanangu. Mguu ni wangu, si wa meza."

Kijijini kwetu, kusini kabisa mwa Bavaria ambako milima inaanza, jina la mtu ni kitu kimoja na jina la nyumba ni kitu kingine, na la nyumba ndilo lenye nguvu. Jina la mtu ni la serikali na la daktari. Jina la nyumba limeandikwa kwenye ubao juu ya mlango, na yeyote anayekoka moto ndani huitwa kwa jina hilo, awe wa damu ama asiwe. Mimi sijawahi kushika nyundo ila ya kutundikia picha, lakini naitwa Mhunzi tangu mwezi wangu wa kwanza. Gebhard, mtunza kanisa anayekaa ng'ambo ya njia, hadi leo sijui jina la ukoo wake.

Katika majina yote, Lenz ndilo lililofanya kazi nyingi kuliko mengine. Kulikuwa na shamba la Lenz, kisima cha Lenz, njia ya Lenz iingiayo msituni, na peasi za Lenz, ambazo hubaki ngumu kama mawe mpaka Krismasi. Paka aliitwa Lenz, na paka wa kabla yake pia. Yasemekana Lenz wa kwanza alikuwa Lorenz fulani, jina likapungua kwa kuitwa harakaharaka chakula kikipoa. Alifanya nini hata akakumbukwa, hakuna ajuaye. Katika nyimbo za zamani neno hilohilo ni majira ya machipuko, theluji inapoyeyuka, na kwa hiyo mtu wa miaka themanini husifiwa kwamba ameona lenz themanini. Na mvivu naye husemwa kwamba anajipikia lenz.

Bi Lenz alipotimiza umri huo, mwenyekiti wa kijiji alisimama baani na kupongeza "lenz themanini za nyumba ya Lenz." Gebhard akapaza sauti kutoka meza ya nyuma.

"Na hiyo lenz unayojipikia wewe ofisini, mwenyekiti, nayo tuihesabu?"

Watu walicheka hata bia ikamwagika. Bi Lenz alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa mezani. Jina lake kwa daktari lilikuwa Walburga Hüttl; Walburga kwa kifupi ni Burgl. Hakuzaliwa Lenz, hakuolewa na Lenz, na wote mle ndani walijua.

Aliletwa baada ya vita, akiwa mtoto, katika behewa la mizigo, miongoni mwa Wajerumani waliofukuzwa Bohemia, nchi ya Wacheki. Mama yake walimzika njiani, kando ya reli, mahali ambapo hakuweza kupajua tena. Kijiji kiliamriwa kuwagawana wageni, na nyumba ya Lenz, yenye mama mjane na mwanawe Korbinian, ikapewa mtoto mmoja. Jioni ya kwanza Walburga aliingia jikoni moja kwa moja kwa sababu ya baridi. Mama mjane akamgeuza kwa bega na kumtoa nje.

"Bisha hodi kwanza, mtoto. Hapa si kwenu."

Akabisha. Akakaribishwa. Akapewa supu ya mkate, na tangu siku hiyo hakuacha kubisha.

"Alikuwa mkali?" nilimwuliza.

"Alikuwa na haki. Hapakuwa kwetu."

Alikua pale, akakamua, akavuna majani, akamwuguza yule mama hadi mwisho. Korbinian hakuoa. Hawakuwa mume na mke, ingawa vijiji vitatu vilitamani sana wawe, wapate la kusema. Korbinian alipofariki, wakati wa kuvuna majani makavu, nyumba alikuwa amekwisha kumwandikia Walburga. Wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na bado aliitwa mkimbizi wa kwa Lenz.

Kisha ng'ombe wake mmoja akavunja uzio. Baba yake Gebhard, aliyekuwa mtunza kanisa kabla ya mwanawe, akasimama njiani akifoka mpaka madirisha yakafunguka. "Bi Lenz! Bi Lenz wee! Ng'ombe wako ananimalizia malisho!"

"Nikageuka nyuma," Walburga alinisimulia. "Nilidhani yule mama amefufuka. Kumbe naitwa mimi." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Nilimlipa mzee yule jibini nzima. Akadhani ni kwa ajili ya malisho."

Mguu ulipomzidi, alifanya kama wafanyavyo wazee wa huku: alikabidhi nyumba kubwa, akahamia chumba cha uani, kwa makubaliano kwamba atapewa kuni, maziwa na mayai maadamu yu hai. Aliyempokea alikuwa Doreen Pagel, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Rostock, mji wa bandari kule kaskazini, aliyekuja na mbuzi wa maziwa na mabuti makubwa ya mpira. Hakuna wa hapa aliyetaka nyumba yenye paa bovu kama lile. Doreen aliitaka.

"Umempa Mprusi," Gebhard alisema.

"Mimi si Mprusi," Doreen alijibu. Alikuwa juu ya ngazi akifunga mfereji wa maji ya mvua. "Rostock haikuwa ya Waprusi."

"Binti, kila aliyezaliwa ng'ambo ile ya mto Danubi ni Mprusi. Wengine hawajaambiwa tu."

Doreen alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka na wa kazi, na lile neno la juu ya mlango alilisoma kwa namna ya kwao: mabaharia wa kaskazini husema lenz wanapofua maji yaliyoingia chomboni. Baba yake alikuwa fundi wa meli. Ghala la chini ya nyumba lilipofurika, alishusha pampu, akafua maji kutwa nzima, akatoka na matope hadi kiunoni, akasema sasa amelielewa jina la nyumba hii. Walburga alipenda maneno hayo, na kwa wiki nzima aliyarudia kwa kila aliyemletea mkate.

Kosa lilikuja baadaye, tena kwa nia njema. Ubao wa juu ya mlango ulikuwa umeoza pembeni, ukining'inia kwa msumari mmoja. Doreen aliushusha usije ukamwangukia mtu, akauweka bandani, akapigilia kibao kidogo cha shaba: Pagel. Kwao ndiyo heshima, mgeni ajue anabisha kwa nani. Kwetu, kushusha ubao ni kama kuzima jiko na kumwaga majivu. Hakuna aliyemwambia. Watu waliacha tu kusema kwa Lenz. Wakasema kwa Mprusi.

Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, katika siku ya kuwaombea marehemu, Gebhard husimama kanisani na kutaja nyumba, si watu. Hutaja kwa kichwa, kama alivyofanya baba yake. "Marehemu wote wa nyumba ya Mhunzi." Tunajibu. "Marehemu wote wa nyumba ya Mfumaji." Tunajibu. Nyumba isiyoitwa tena kwa jina lake huachwa. Ile ya Mshona Viatu iliachwa ilipogeuzwa vyumba vya watalii, na wafu wake hawajatajwa tena.

Mwaka ule nilikaa ubavuni mwa Walburga. Gebhard alitaja Mhunzi, akataja Mfumaji, akataja Kinu, akafunga kitabu cha sala. Walburga alikuwa amekwisha kufumbua midomo ajibu. Akaifumba.

Njiani alinishika mkono, theluji ya kwanza ikituangukia.

"Umemsikia," alisema.

"Labda alisahau."

"Gebhard hasahau hata deni la kiberiti." Tukatembea kidogo. "Mhunzi, mimi sina kaburi la watu wangu popote. Mtoto sina. Nikifa, nani atanitaja? Nilikuwa nimejipangia kutajwa humohumo ndani ya Lenz, pamoja na Korbinian na yule mama yake. Sasa nyumba ikiwa ya Mprusi, mimi naingia wapi?"

"Nitazungumza na Gebhard."

"Thubutu!" Hakuwa amewahi kunikaripia vile. "Jina la nyumba haliombwi. Ukiliomba umejipa mwenyewe, na la kujipa halikai."

Gebhard sikumwambia kitu. Doreen nilimwambia. Alikuja kwangu na wasiwasi kwamba bibi wa uani hali chakula, mayai yanarudi yote. Nikamweleza habari ya ubao. Uso ulimwiva.

"Na mimi nimeufanya mlango wa zizi la mbuzi," alisema.

Kesho yake alfajiri nilisikia nyundo. Ubao ulirudi juu ya mlango, ukiwa na alama za meno ya mbuzi pembeni, na kibao cha shaba kikatoweka. Watu walipita, wakatazama, wakasema, "Aa, Mprusi ametundika ubao." Doreen alikwenda kumwomba radhi Walburga, akitaka kujua afanye nini zaidi.

"Hakuna cha kufanya, binti. Ubao hauna mdomo. Kamua mbuzi wako."

Alikamua mbuzi wake msimu mzima wa baridi. Nilimwona akisafisha theluji mbele ya mlango wa Walburga kabla ya wake mwenyewe, na Walburga akimwangalia dirishani. Nilijiuliza mara nyingi jina ni nini hata mtu akose usingizi kwa ajili yake, naye amekwisha kuishi na mawili. Niliona tu kwamba anapungua. Kila asubuhi aliendelea kubisha hodi, sasa kwenye mlango wa chumba cha uani, ila alingoja kidogo zaidi kabla ya kuingia.

Majira yale ya machipuko, Jumamosi kabla ya Pasaka, mbuzi waliruka uzio. Hawakwenda shambani, hawakwenda msituni. Walikwenda makaburini, ambako kila familia ilikuwa imemaliza kupanda maua ya sikukuu, na katika makaburi yote wakalichagua la mama yake Gebhard. Nilikuwa uani kwa Walburga nikibadilisha bendeji, dirisha wazi. Kwanza tulisikia kengele za mbuzi, kisha viatu vya Gebhard vikikimbia juu ya kokoto, kisha sauti yake, nene, sawasawa na ya baba yake kama wasemavyo waliomjua.

"Bi Lenz! Bi Lenz wee! Mbuzi wako wanamla mama yangu!"

Walburga akainuka kwa mguu ule mbovu, akajitokeza dirishani.

"Nini tena, Gebhard?"

Gebhard alikuwa njiani, kofia mkononi, shada lililotafunwa katika mkono mwingine. Alimtazama kama mtu anayecheleweshwa.

"Wewe nani kakuita, Burgl? Rudi ndani! Namwita Bi Lenz!"

Doreen akatoka bandani mbio, mabuti yakipiga maji. "Nimekuja, nimekuja! Samahani!"

"Samahani haioteshi maua! Ulizaliwa bila uzio kwenu, Bi Lenz?"

Walburga alirudi nyuma, akakaa juu ya kitanda polepole. Mdomo wake ulitetemeka, sikujua ni kilio au ni kicheko, mpaka akaniambia nimpelekee Doreen jibini moja kutoka kabatini, ampe Gebhard.

"Jibini ni za Doreen mwenyewe," nilisema.

"Basi mwambie ampe kubwa."

Tangu siku hiyo kijiji kilimwita Burgl wa uani. Nilimwuliza kama inamuuma kurudi kwenye jina la utotoni. Alisema wa mwisho kumwita Burgl alikuwa mama yake, ndani ya behewa, na hakutarajia kulisikia tena likiitwa na mtu mwenye hasira.

Alifariki kabla ya majani kukauka mashambani. Novemba, Gebhard alitaja Mhunzi, Mfumaji, Kinu, akakohoa, akasema, "Marehemu wote wa nyumba ya Lenz." Doreen alijibu kwa sauti kuliko sisi sote, kwa lafudhi ya Rostock, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Alasiri ya mwisho ya uhai wake nilikuwa nimemkuta Walburga nje, akiwa amejaza aproni mboga za bustanini. Nilimshika kiwiko hadi mlangoni. Aligonga mara moja, akangoja, akaingia. Nilimlaza, nikamfunika miguu, nikabeba mkoba wangu. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani. Aligeuza kichwa upande wa dirisha, akatazama kamba ya nguo ya nyumba kubwa.

"Mhunzi, ukipita pale mbele," alisema, "mwambie Bi Lenz aanue nguo zake, mvua hiyo."