Pamba Kavu Mugongoni

Mutu anayeanza safari huniuliza abebe nini cha kuwashia moto. Ninamwambia: beba vijiti vyako vya kupekecha, hata wakikucheka. Kibiriti beba vilevile, ndani ya chupa, uizibe kwa nta. Na usitegemee moto wa ndugu yako.

Mimi nilitegemea. Tulikuwa wanane kutoka upande wa Wamaza, tukipeleka Kasongo pamba ambayo muzungu alitulazimisha kulima, kila mutu na kikapu mugongoni, kimefunikwa majani ya migomba. Kapita aliyetusimamia alikuwa mutoto wa shangazi yangu. Vijiti vya baba vilikaa juu ya jiko, kwenye moshi, vikavu kabisa. Nilipovishusha, kapita akacheka.

"Binamu, unaenda mbele ya muzungu na ushenzi huo? Kibiriti iko."

Nikaona haya, nikaviacha. Nikatia kibiriti mufukoni.

Siku ya pili mvua ilitupiga toka asubuhi. Tukivuka muto, yaya wangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, akateleza. Akazama mpaka shingo, kikapu amekiinua juu, maana pamba ikilowa ni fimbo. Alipotoka hakuweza hata kukunja vidole. Meno yanagongana, midomo rangi ya majivu. Kibiriti changu kilikuwa uji.

Kapita alikuwa na chake kwenye chupa. Akatoa njiti, akawasha sigara yake.

"Binamu," nikamwambia, "mutu anakufa. Tupe moto, na pamba kidogo ya kuushika."

"Moto chukua. Pamba ya muzungu usiguse."

"Konzi moja tu!"

"Hiyo konzi nitachapwa mimi, si wewe. Washa na majani. Si baba yako ni fundi wa moto?"

Alinipa njiti tatu. Zilizimika zote kwenye majani maji, yeye akihesabu kwa sauti. Yaya akaacha kutetemeka. Nikafurahi, mupumbavu mimi, nikadhani amepata joto.

Mvua haikumuua. Aliyemuua yaya ni muzungu wa pamba na fimbo yake, na mutoto wa shangazi. Na sisi tuliobaki: tulikuwa saba, kapita mumoja, pamba kavu iko mugongoni mwetu, hakuna aliyenyoosha mukono.

"Kikapu cha marehemu kisibaki njiani," kapita akasema.

Nikamfunika yaya kwa majani. Nikapandisha kikapu chake juu ya changu, nikabeba mpaka Kasongo.