Jioni Niliyoiandika Asubuhi

Kanisani kwetu Kangemi, ushuhuda huanza kwa vigelegele. Wangu wa leo nauanza kwa kuomba msamaha, kwa sababu huu ni wa pili, na ule wa kwanza ulikuwa uongo. Ninyi mliokaa kwenye mabenchi haya ya kliniki ya kifua, na kadi zenu mkononi, ndio ninaotaka mnisikie. Sista Rehema, muuguzi wetu, ameniomba mara nne niseme haya. Mara tatu nilimwambia nina wateja.

Naitwa Nyambura. Nasuka nywele Kenyatta Market, mwaka wa kumi na sita sasa. Kibanda changu kiko upande wa saluni, lakini upepo ukigeuka tunakula moshi wa nyama choma bila kuonja nyama. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa sauti. Kanisani mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo, na nilijivunia hilo kuliko nilivyopaswa. Nikishika noti ya juu, watu waligeuka kunitazama, nami nilipenda wageuke.

Kifua kilianza polepole. Kwanza kikohozi cha alfajiri, kile cha kukuamsha kabla ya jogoo. Halafu mluzi. Mume wangu Kamau alidhani paka ameingia chini ya kitanda, akachukua tochi kumtafuta, kumbe paka ni mimi. Nikipanda kilima cha kutoka steji ya matatu nilisimama mara tatu, nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Na kuna jambo ambalo wanawake wenzangu mnalijua na hamlisemi: nikikohoa kwa nguvu, mkojo ulitoka. Nilivaa pedi kila siku, mwezi mzima, na Kamau mwenyewe hakujua.

Nilipofika hapa, daktari aliniambia ni pumu, na kwamba nimekuwa nayo kwa muda mrefu. Nilipewa pampu mbili, ya kahawia ya kuvuta kila siku hata nikijisikia mzima, na ya buluu ya kuvuta kifua kikibana. Sista Rehema akanipa kipima pumzi, hiki kibomba cha plastiki mnachokijua, chenye mshale unaosogea ukipuliza.

"Asubuhi na jioni, kabla ya dawa," akaniambia. "Puliza mara tatu, andika ile ya juu. Hii kadi ndiyo macho yetu huko kwako. Sisi hatuwezi kuja Kangemi kukuangalia."

Siku hiyo nilipuliza mia mbili na thelathini. Nilitumia dawa kama nilivyoambiwa, na baada ya miezi miwili nilifika mia nne. Kifua kilifunguka. Nililala usiku kucha, na pedi nikaziacha.

Lakini pampu niliificha. Kule sokoni niliiweka ndani ya kopo la vitana, chini kabisa. Watu husema ukizoea pampu utazikwa nayo, na mteja akisikia msusi wake anakohoa anafikiria TB, anahamia kibanda cha pili. Sikutaka hata kanisani wajue. Mficha maradhi kilio humfichua, nilijua msemo huo tangu utotoni, ila nilidhani ulitungiwa watu wengine.

Jumapili moja nikaimba tena kama zamani. Watu wakasimama. Mchungaji akaniita mbele niseme Mungu amenitendea nini, nami nikasema nimeponywa. Nilisema nilikuwa sipumui na sasa napumua. Nilieleza mluzi, nikaeleza paka wa Kamau, watu wakacheka na kulia. Sikutaja pampu ya kahawia, niliyokuwa nimeivuta asubuhi ile ile nikiwa nimejifungia chooni.

Mchungaji hakuwa na kosa, naomba mlielewe hilo. Alisema, "Dada Nyambura, ukirudi kliniki utuletee kadi tuione, tumshukuru Mungu pamoja na madaktari." Alitaja wote wawili. Mimi nilisikia nusu.

Tangu siku hiyo nikaacha ya kahawia. Mtu aliyeponywa mbele ya watu anavuta dawa ya nini? Baada ya wiki mbili nilipuliza nikapata mia mbili na themanini. Sikuandika. Nilikichukua kile kipima pumzi nikakiweka kabatini, nyuma ya sufuria za wageni, na kadi nikaiacha tupu wiki sita nzima.

Siku ya kliniki ilipofika, nilikaa benchi lile la mwisho, pale karibu na dirisha, nikaijaza yote. Mia nne. Mia tatu tisini. Mia nne na kumi. Niliazima kalamu kwa mzee aliyekuwa kando yangu, ili wino usifanane kote. Akaniuliza, "Unasahihisha mitihani, mama?" Nikacheka naye. Kisha nikaingia choo cha hapo nje nikavuta ile ya buluu mara sita, moyo ukaanza kupiga mbio, vidole vikatetemeka. Nilipoitwa nikapuliza mia tatu na sabini mbele ya Sista. Foleni ilikuwa ndefu. Alinitazama mimi, kadi hakuitazama sana.

Daktari aliifuata kadi yangu. Angefuata nini kingine? Akasema, "Unaendelea vizuri sana. Tupunguze dozi ya kahawia." Akaandika hivyo na kutia sahihi.

Jumapili nikaiinua kadi ile juu, kanisa zima likaiona. Aliyelia kuliko wote ni Mama Kendi, rafiki yangu tuliyesimama naye kwaya miaka tisa. Bintiye Kendi ana miaka kumi na miwili, na ana pumu tangu akiwa mdogo. Mama Kendi alinikumbatia, akaniambia, "Hata wangu. Hata wangu, Nyambura." Nikampigapiga mgongoni.

Wiki tatu baadaye nilikuwa namsuka Bi Mwanaisha, mama wa Mombasa mwenye duka la vitambaa huko mjini. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa. Moshi ulikuwa umetugeukia, na jirani yangu alikuwa akipuliza dawa ya nywele. Kifua kikajifunga. Nikatoa pampu ya buluu kwenye kopo la vitana, nikabonyeza, ikatoa hewa tupu. Nilikuwa nimeimaliza kwa kuivuta kila baada ya masaa mawili, na sikurudi kuomba nyingine kwa sababu ningeulizwa imeishaje upesi hivyo.

Nilitaka kulala chini. Bi Mwanaisha akanishika mabega.

"Usilale, mwanangu! Keti wima. Marehemu ndugu yangu alikuwa na maradhi haya, nayajua. Pampu yako i wapi?"

Nikamwonyesha. Akaitikisa, akaitupa mezani. "Lahaula! Nyie, leteni gari!"

Aliingia garini pamoja nami, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akajitupia mtandio. Sikuweza kusema maneno mawili kwa pumzi moja. Kucha zangu zilikuwa zimegeuka rangi, na jasho lilikuwa baridi. Kabla hatujafika hospitali hii nikajikojolea, kiti kikalowa, nikaanza kulia. Bi Mwanaisha akasema, "Mkojo ni maji tu. Wewe vuta pumzi." Mpaka leo sijapata mtu aliyeniambia neno jema kuliko hilo.

Walinivisha barakoa ya oksijeni na ya mvuke wa dawa, wakanichoma sindano. Daktari kijana alimwambia Kamau, nami nikasikia, "Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Siku mbili sikujua mchana wala usiku. Bi Mwanaisha alikaa pale chumba cha dharura mpaka Kamau alipofika, na nusu kichwa chake vile vile.

Sasa nasikia mko tayari kunionea huruma. Subirini kwanza.

Nilipopata sauti, neno la kwanza nililomwambia Kamau ni hili: "Watu wa kanisa wakiuliza, sema ni nimonia." "Hata hapa, Nyambura?" Kamau akaniuliza. Lakini alifanya nilivyotaka.

Siku ya tatu Mama Kendi akaja, na chai kwenye chupa na mandazi kwenye kitambaa. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Pole sana, wangu. Hii nimonia imeshika watu. Hata Kendi anakohoa wiki ya pili. Jana alishindwa kumaliza uji, anahema tu hivi." Akanionyesha kwa mabega yake, yakipanda na kushuka. "Mwalimu ananiambia ati nimrudishie pampu. Nikamwambia zi, hapana, hiyo maneno tulimaliza. Nilitupa zote mbili siku ile uliinua kadi."

Nilikuwa na barakoa usoni. Ningeweza kuitoa. Mkono wangu haukuwa umefungwa. Nilimtazama yule mwanamke, nikaona mabega ya Kendi kwenye mabega yake, na nilijua ninachokiona kuliko daktari yeyote, kwa sababu nilikuwa nimekipitia siku tatu nyuma. Nikanyamaza. Alinifunika miguu vizuri, akaniombea, akaenda zake.

Nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo linaloniamsha. Naona aibu kulisema. Naona aibu hata sasa, na nimelisema mara kadhaa.

Sijui zilipita dakika ngapi, Sista Rehema akaingia wodini na kadi yangu, aliyopewa na Kamau. Hakugomba. Alivuta kiti kile kile, kingali na joto la Mama Kendi.

"Nyambura, mara ya mwisho ulikuja kliniki Jumanne, saa nne asubuhi, si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka kidole kwenye mraba wa mwisho. "Hapa umeandika Jumanne jioni. Mia nne na kumi." Akanigeuzia kadi niione. "Ulipuliza lini, na jioni ilikuwa haijafika?"

Katika haraka yangu nilikuwa nimejaza mpaka mraba wa mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye mraba mmoja. Nikavua barakoa.

"Sista, kuna mtoto," nikasema.

Nilimweleza kwa vipande, pumzi hazikutosha. Hakuuliza habari za kadi tena. Akachukua simu yangu kwenye kabati akaniwekea mkononi. "Mpigie. Wewe mwenyewe. Mimi hanijui, hatanisikia."

Mama Kendi alikuwa bado kwenye barabara ya Waiyaki. Nilimwambia, "Mama Kendi, sina nimonia. Ni pumu. Sikupona. Ile kadi niliijaza mwenyewe. Mpeleke Kendi hospitali saa hii, usingoje kesho, usingoje mtu." Kisha akasema, "Nyambura, nilikuombea nimonia, nawe ukaniacha niseme amina?" Akakata.

Kendi alifikishwa saa tisa mchana, midomo imebadilika rangi. Walimpa mvuke wa dawa mara nne. Alikuwa chini yangu ghorofa moja, nami nilikaa nikisikiliza kila kitanda kilichosukumwa koridoni. Alipona. Nasema alipona shambulio lile, kwa sababu nimejifunza kulitumia neno hilo kwa adabu.

Nilipopata nguvu nilirudi kanisani, nikasimama mahali pale pale, na pampu zote mbili mkononi. Nikawaambia nilivyoficha, nilivyojaza, nilivyonyamaza. Hakukuwa na makofi. Mchungaji alisema tu, "Hakuna aliyekuambia uache dawa, dada." Nikajibu, "Ni kweli, hakuna." Mama Kendi alitoka nje kabla sijamaliza, na miezi mitatu alipita mbele ya mlango wangu bila kunisalimia. Sikumlaumu.

Namshukuru Mungu, na safari hii namaliza sentensi: namshukuru pamoja na madaktari, Sista Rehema, mume wangu, na Bi Mwanaisha, ambaye alirudi wiki ya tano nimmalizie nusu ya pili. Alikataa msusi mwingine. Alisema hawezi kuwa na nusu mbili za mikono tofauti.

Ninyi wenzangu, nawaomba hivi. Kama umepuliza namba mbaya, iandike mbaya. Kama umekosa siku, acha mraba mtupu, Sista hatakufukuza. Ya kahawia usiiache kwa sababu umejisikia mzima. Umejisikia mzima kwa sababu yake. Omba, mimi naomba kila siku, halafu uvute. Na usimpe mtu ushuhuda ambao wewe mwenyewe hujamaliza kuuishi, kwa sababu hujui nani nyumbani kwake ana mtoto.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili asubuhi, simu yangu ililia. Ujumbe wa Mama Kendi. Hakukuwa na salamu, namba tu: 290. Nilikaa kitandani nikaitazama. Ilikuwa pumzi ya Kendi ya asubuhi hiyo. Nikapuliza yangu, nikamtumia: 360. Tangu hapo kila asubuhi na kila jioni ananitumia ya mtoto, namtumia yangu. Hatujaongea jambo lingine. Juzi nilimtumia namba mbovu, akaandika, "Vuta ya buluu. Keti wima." Nikalia mpaka Kamau akaja kuniuliza kama kuna msiba.

Kadi yangu hii hapa, ipitisheni. Leo asubuhi ni mia tatu na kumi. Si nzuri, lakini ndiyo. Mraba wa jioni ni mtupu. Jioni haijafika.