Chai ya Langoni

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu kijana huko Rangwe, maneno mengi kuliko umri. Nikaandaa mjadala katika ukumbi wa kanisa: je, mjane alazimishwe kurithiwa? Nilialika wasemaji wanne: muuguzi, mchungaji, mzee wa kijiji, na mjane mmoja kutoka Lambwe aliyekuwa amemkataa shemeji yake. Wale watatu niliwaita ili mkutano uwe na uzito. Yeye nilimwita kwa sababu bila yeye hatukuwa na la kujadili.

Alisema polepole, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Tangu amzike mumewe hajakanyaga boma la mtu. Kwetu mjane asiyerithiwa huwa na chola, unajisi wa kifo, na akiingia kwa watu inasemekana huwaletea mkosi. Mzee alipomkatiza kwamba mila ni mila, niligonga meza.

"Mila ya kumfungia mama nje, tuitupe!"

Nikapigiwa makofi. Nilijiona mtu kweli.

Baadaye wasemaji walikuwa waje kula kwetu. Mama yangu alikuwa amechinja kuku wawili. Tulipofika langoni alitoka mbio, akanivuta kando, akaniambia kwa Kijaluo kwamba wengine karibu, lakini yule mjane asiingie. Mke wa kaka yangu alikuwa mjamzito.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikugonga chochote. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nilikuwa nikimheshimu mama. Uongo. Niliogopa mkosi, mimi na vyeti vyangu vyote, na mpaka leo nikikumbuka nataka ardhi ipasuke.

Mjane mwenyewe hakungoja kuambiwa. Alikuwa amekwisha simama pembeni ya njia, nje ya ua. Wenzake walipita, wakaingia, wala hakuna aliyegeuka. Nikampelekea chai na paja la kuku. Nikamuuliza kama sukari inatosha.

"Iko sawa, mwalimu," alisema. "Usisumbuke. Hata mimi kama mtoto wangu angekuwa na mimba, ningefunga lango. Enda ukae na wageni, wanakungoja."

Nikaenda. Mchungaji alibariki chakula, akamshukuru Mungu kwa kuwakaribisha wageni wote katika boma lile, nami nikaitikia amina.