Maili Kumi na Nne za Bi Kijakazi

Bi Kijakazi wa Thornton Heath alikuwa na njia yake. Ni njia ya kutoka kwao shamba, Pemba, mpaka skuli ya Wete, aliyokuwa akiikata kwa miguu akiwa mtoto, na kila alivyozidi kukaa London ndivyo ilivyozidi kurefuka. Mwaka aliofika, wa themanini na sita, ilikuwa maili tatu. Alipopata kazi ya kusafisha wodi za hospitali ikawa sita, ili wenziwe wavivu waone haya. Siku aliyostaafu ilikuwa maili kumi na nne, na mito miwili juu yake.

Shoga yake Bharti wa Tooting, mzaliwa wa Unguja, aliyeuza vitambaa miaka arubaini, akachoka. Alhamisi moja, mbele ya kina mama wote wa kikundi cha chai, akaweka kikombe chini.

"Bi Kijakazi, Pemba yote upana wake ndio huo. Skuli yenu ilijengwa baharini?"

Kina mama wakacheka mpaka biskuti zikawapalia. Hapo ndipo mashoga hao wawili walipowekeana ahadi: wataenda wao wawili South Downs, kwenye vilima vya chaki, wapande mpaka nguzo ya kileleni. Bi Kijakazi akifika bila kushikwa mkono, maili zake kumi na nne zibaki. Akishindwa, Alhamisi ijayo asimame mbele ya watu aseme kwa kinywa chake: maili tatu.

"Hifadhi ya taifa?" aliuliza ndani ya treni, akisoma karatasi ya Bharti. "Ina simba?"

"Ina kondoo."

"Kondoo nao wana hifadhi! Nchi hii ina raha."

Njia ilikuwa nyeupe pe, kama unga uliomwagika kilimani. Mvua ya jana ilikuwa imeirowesha, na chaki ikirowa huteleza kuliko sabuni. Bi Kijakazi alianza kwa mbwembwe, mikono nyuma. Baada ya dakika kumi moyo ukawa unamdunda masikioni. Lakini apumzike? Mbele ya Bharti? Thubutu!

Akateremka Mzungu na mkewe, wakamwamkia huku wakipita.

"Ngojeni kwanza," Bi Kijakazi akawaambia kwa Kiingereza chake cha wodini. Akawauliza habari za nyumbani, za watoto, za mama mzazi, za magoti. Pumzi ikarudi. Akaja msichana anayekimbia. Naye akasimamishwa, akaulizwa ataolewa lini.

"Hawa wote unawajua?" Bharti aliuliza.

"Ni waja wa Mungu. Niwapite kama nguzo za taa?"

"Unapumzika wewe."

"Nasalimu mimi!"

Mwinuko wa mwisho haukuwa na mtu.  Bi Kijakazi akatazama juu, akatazama chini, kisha akamgeukia kondoo aliyekuwa akitafuna penye uzio.

"Hujambo, mama? Wanao hawajambo?"

Bharti alicheka hata akateleza, akakaa kitako, akaporomoka hatua kumi. Akasema hainuki tena, magoti yamekataa.

Bi Kijakazi akaendelea peke yake. Kushikwa mkono kumekatazwa, kutambaa hakukutajwa. Alifika buibui lake limekuwa jeupe mpaka kifuani, akaikumbatia nguzo, akageuka ampungie Bharti. Wapi! Kilima kilikuwa kimemficha. Hakuna aliyeona! Alhamisi Bharti atasema alijificha kichakani.

Chini ya nguzo alikaa mzee wa Kiingereza akila mkate wa mayai. Huyu hakuulizwa habari za mama yake.

"Inuka, baba. Una ushahidi wa kutoa."

Akashuka naye, mkate mkononi. Mbele ya Bharti, yule mzee akavua kofia, akasema kwamba bibi huyu ameishika nguzo, na ameibusu mara mbili.

"Haya," Bharti akasema. "Kumi na mbili."

"Kumi na nne."

Mzee akauliza kumi na nne za nini. Walipomweleza, akameza tonge lake, akasema yeye alikwenda skuli maili kumi na tisa, theluji ikiwa kiunoni.

Bi Kijakazi akamtazama toka juu mpaka chini. "Muongo huyu."

"Shahidi wako ndiye muongo?" Bharti akadakia.

"Kwenye maili tu! Kwenye nguzo ni mkweli."

Bharti akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi kumi na nne. Sasa niinueni."