Jeli Niliyowapaka Waamuzi Wake

Ijumaa ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi, nilikuwa nikivuka uwanja wa chuo pale Sumbawanga, mkoba begani, nikirudia kimoyomoyo maelezo niliyopaswa kuyatoa mbele ya kamati. Na kabla sijaendelea nikiri tu kwamba aibu iliyonipata siku hiyo bado hunifanya nijifunike kitenge usoni nikiwa peke yangu jikoni, mimi mama wa miaka hamsini na mbili, mfamasia, mwenye kufundisha wenzake umakini.

Kwa miaka miwili nilikuwa nikitengeneza jeli ya kupaka, ya jamii ya vitamini A, kwa ajili ya chunusi zile zinazovimba na kuuma, pamoja na maradhi mengine ya ngozi inayowaka. Dawa za jamii hiyo si ngeni. Shida ni kwamba huchoma na kubabua, mgonjwa akazitupa kabla hazijamfaa. Yangu ilikuwa nyepesi na haikuchoma sana (nilijipaka mwenyewe mkononi miezi mitatu, hadi mume wangu akauliza kama nimeanza kujichubua). Kilichobaki ni kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, maana bila hicho sikuruhusiwa kumpaka binadamu mwingine hata chembe. Na alikuwapo aliyekuwa akikisubiri: Mwalimu Oliva wa Laela, binti ambaye uso wake ulimfanya afundishe akiutazama ubao kuliko wanafunzi. Kila wiki alinipigia simu kuuliza kama bado, nami kila wiki nilimjibu bado, mwanangu.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza. Jeli hii huharibika ikipigwa na mwanga, na vikopo tulivyoletewa vilikuwa vinaonyesha ndani kama chupa ya maji. Basi asubuhi hiyo nikaosha kopo tupu la mafuta ya mgando, lile la buluu lisilopitisha mwanga, nikatia humo sampuli ya kuwaonyesha wanakamati, nikabandika lebo chini ya kopo kwa kuwa kifuniko kiligoma kushika gundi, nikalitumbukiza mkobani. Humo mkobani lilikuwamo pia kopo langu la mafuta yenyewe, la buluu vilevile, maana hakuna mama wa Ufipa atokaye nyumbani Julai bila mafuta. (Wanafunzi wangu mtakaosoma hapa, kwa kosa hili ningewafelisha.)

Mgeni wa huku aelewe: mwezi huo upepo hupasua midomo mpaka mtu anaogopa kucheka, na mafuta hayana mwenyewe, ukitoa kopo, linazunguka. Kamati haikuwa imeingia ukumbini. Ilikuwa nje kwenye mabenchi, migongo ukutani, nyuso zote zimeelekea mashariki, inaota jua. Nikapiga goti kidogo, nikawaamkia. Mwenyekiti, Mzee Sikazwe, akaitikia marahaba, kisha akagusa mdomo wake wa chini.

"Mama Tumpe, tusaidie mafuta, tusije tukakuhukumu kwa midomo inayovuja damu."

Nikaingiza mkono mkobani bila kutazama.

Nilipokuwa bado naulizwa habari za kwetu Mbeya, kopo likatoka kwa Mzee likaenda kwa Sista Anselma, muuguzi mstaafu, likaenda kwa wanaume wengine watano, na kila mmoja akajipaka kwa ule ukarimu anaokuwa nao mtu kwa mali ya mwenzake. Sista akayasifia, akasema ni laini, hayanati kabisa, nimeyapata duka gani. Mafuta ya mgando hunata. Nikaliomba kopo, nikaligeuza, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Nasema hivyo kwa sababu nililifikiria jambo hilo, pumzi mbili nzima: wangekwenda makwao, ngozi ingebabuka, wangeulaumu upepo, na Oliva angepata kibali chake siku hiyohiyo.

"Waheshimiwa," nikasema, "mlichojipaka si mafuta. Ni ile dawa mliyokuja kuijadili."

Halafu, kwa kuwa dawa za jamii hii haziwafai wajawazito, wajibu ukanilazimisha kuuliza, huku mwanamke pekee aliyejipaka akiwa ni Sista mwenye miaka sabini na mmoja. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, ikitokea, tutamwandikia askofu."

Mzee Sikazwe alicheka hadi mdomo ukapasuka upya. Bomba la pale uwanjani lilikuwa moja, maji yake ya Julai unayajua kwa baridi, na sabuni ilikuwa kipande tulichoazima kwa mama wa kantini. Hivyo kamati nzima ya maadili ikapanga foleni kunawa uso, wakati huohuo wanafunzi wakitoka darasani. Nikamsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Kuna nini, mshikaji?" Mwenzake akajibu labda ni ubatizo. Na walipokwisha kunawa walirudi palepale mabenchini kujikausha juani, nami kwa kuchanganyikiwa sikuwazuia, ingawa dawa hii na jua havipatani.

Kufikia Jumapili pua tatu na midomo yote saba vilikuwa vyekundu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kila siku kuwaangalia hadi wote wakapona, nikilishwa maharage na samaki wa migebuka kama mkwe. Kikao kiliahirishwa, maana, kama alivyonieleza Mzee, wao hawakuwa waamuzi tena bali wagonjwa wangu, ikabidi watafutwe wengine. Ila akaongeza neno ambalo maabara isingenifundisha: karatasi yangu ya maelekezo iliagiza mtumiaji aepuke mionzi ya jua, naye aliisoma, lakini asubuhi ile hakujiona yuko kwenye mionzi, alikuwa anaota jua tu. Nikaiandika upya karatasi nzima. Na nimeapa kwamba dawa haitakaa tena katika chombo cha kitu kingine mikononi mwangu, hata kwa dakika tano.

Wiki saba baadaye nilituma barua Laela:

"Mwalimu Oliva mpendwa, kibali kimetoka jana. Ukiweza, njoo Jumatatu. Utajipaka jioni, kiasi cha punje ya njegere, na asubuhi usiote jua hata majirani wakikuita benchini. Kibali kimechelewa kwa uzembe wangu, si kwa ubaya wa dawa, na nitakusimulia yote kabla hujatia sahihi fomu ya ridhaa, kwa sababu ni haki yako kujua uso wako unaukabidhi kwa mtu wa namna gani. Ukishasikia ukakataa, sitakuuliza kwa nini. Ukikubali, tutaanza siku hiyohiyo."