Aliyekuwa Hajui ni Mimi

Mara ya kwanza niliposikia makofi mahakamani nilidhani tumeingia chumba kisicho chetu. Mwanamume mwenye michoro shingoni alikuwa amesimama mbele ya jaji, na jaji, badala ya kumkaripia, alikuwa akimuuliza habari za mbwa wake. Kisha akasema kwamba wiki imekwenda vizuri, na chumba kizima kikapiga makofi: mawakili, polisi, maofisa, hata wale waliokuwa wakisubiri kuitwa. Kaka yangu alinigusa kwa kiwiko.

"Piga na wewe, sista. Mbona umekaa kama uko matangani?"

Kaka yangu alikuwa ameiba mizigo kwenye ghala alikofanya kazi, kule Smithfield, huku ughaibuni tunakoishi, akaiuza ili anunue aisi, dawa ya kulevya iliyomla meno, usingizi na mchumba. Alikiri kosa, akahukumiwa kifungo, lakini kifungo hicho kikasimamishwa ili aingie katika mahakama ya waraibu. Masharti yalikuwa wazi. Apimwe mkojo mara kwa mara, ahudhurie ushauri nasaha, afike mbele ya jaji kila wiki, na aishi mahali ambapo mahakama imepakubali. Mahali hapo palikuwa kwangu, nyumba ndogo ya kupanga karibu na Westmead, ambako nilifanya zamu za kutunza wazee huku nikituma maombi ya kazi niliyoisomea. Programu ikimshinda, anarudi jela.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinijibu "sawa" bila kuongeza neno, nalala nalo. Kwa hiyo unaweza kukisia nilivyoishi na mraibu. Nilijifunza mboni za macho zinavyopanuka mtu akitumia, nikawa nazichungulia kaka akila ugali, naye alijua.

"Leo zikoje, daktari?"

"Kula, chakula kinapoa."

"Wewe hata ukipewa habari njema, lazima uipeleke maabara kwanza."

Nilicheka. Nikaona haya pia, kwa sababu alikuwa amenenepa, alikuwa akiamka mapema na kunipikia chai kabla ya zamu. Nikajilazimisha kuacha kumchungulia. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Ilikuwa kama kumwambia mtu aache kupepesa macho.

Jumamosi jioni tulikuwa tukienda kwenye ibada ya nyumbani, Seven Hills, kwa mama mmoja Mkongomani anayewalisha Waafrika wote wa mtaa ule bila kuuliza wametoka nchi gani. Pale, baada ya nyimbo, kuna wakati wa ushuhuda. Aliyetendewa jambo na Mungu husimama akalisema, na wengine humwitikia. Wiki moja kaka yangu alisimama bila kuombwa. Alisema tangu jaji amwachie hajagusa kitu. Alisema aliyemtoa shimoni ni Mungu, na mkono ambao Mungu aliutumia ni huu hapa, akanionyesha.

Mama mwenye nyumba aliruka na sufuria yake ya maharagwe mkononi. "Mungu amemufungua! Dada, iko kaka yako ya kweli sasa, ile ya zamani imekufa!"

Nililia mpaka nikaletewa kitambaa cha jikoni. Kabla hatujaondoka pale nilimpigia mama yetu kule Nakuru, nikampa simu kaka aurudie ushuhuda wote, na akaurudia, neno kwa neno, sauti haikutetereka.

Siku tatu baadaye tulikuwa mahakamani. Alipoitwa, jaji alimwambia, "Naelewa una jambo la kusema."

"Nilitumia Ijumaa," kaka alisema.

Ijumaa. Siku moja kabla ya ushuhuda.

Jaji alimshukuru. Alisema kutumia kutakuwa na adhabu yake, lakini amesema mwenyewe kabla ya kipimo kumsema, kama alivyofanya mara zilizopita, na ukweli ndio unaoiweka programu hai. Watu wakapiga makofi. Si kwa nguvu kama walivyompigia yule wa mbwa, lakini walipiga. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye maneno yale mawili, mara zilizopita.

Kisha jaji akauliza kama dada yake bado yuko tayari kukaa naye, akatupa nafasi ya kuzungumza nje.

Kwenye korido tulisimama watu watatu: kaka, mimi, na ofisa wake wa programu, mama mpole ambaye kila wiki huniuliza kama nimepata kazi. Wiki iliyotangulia aliniuliza, "Nyumbani anaendeleaje?" nikajibu, "Vizuri sana." Aliitikia kwa kichwa tu. Sasa nilimuuliza kama alikuwa anajua.

"Sheria hainiruhusu kukuambia," alisema, na macho yake yalikuwa na huruma ambayo sikuitaka.

Nikamgeukia kaka kwa Kiswahili. "Kumbe wote walijua. Jaji, wakili, huyu. Aliyekuwa hajui ni mimi, na ndiye unayelala kwake."

"Sista, punguza sauti."

"Na ushuhuda?"

"Watu walikuwa wananiangalia. Ulitaka niseme nini, niharibu ibada?"

"Hakuna aliyekuita usimame! Ulisimama mwenyewe. Ukamdanganya mama kwenye simu yangu."

Alikwangua ukuta kwa kidole. "Jaji nikimwambia ukweli, anasema asante. Wewe nikikuambia, utalia wiki nzima, utamvunja mama moyo, halafu utaanza kunipima macho. Hapa kuna pa kuanzia tena. Kwako hakuna."

Nilikuwa na sharti moja, nikamwambia ofisa kwa Kiingereza: abaki kwangu, lakini akitumia tena, na mimi niambiwe siku hiyo hiyo. Ofisa alisema inawezekana, kaka akikubali. Bila nyumba, aliongeza, atarudishwa rumande hadi kitanda kipatikane kwenye makao ya matibabu, na vitanda ni vya kugombania. Wengine hupoteza programu wakisubiri.

Tulimtazama. Nilikuwa na uhakika atakubali. Mimi, nisiyekuwa na uhakika na lolote, hilo nilikuwa na uhakika nalo.

"Hapana," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Nikiwa tayari."

Tuliporudi ndani, jaji aliniuliza, nikasimama. Kichwani nilikuwa tayari nimemwona mama akilia Nakuru, nimemwona kaka akipigwa kule rumande, nimeona ibada ikinong'ona. Niliyaona yote, moja baada ya jingine, kama ilivyo kawaida yangu. Nikasema kwangu hawezi kukaa.

Kaka hakugeuka. Polisi alipomsogelea, aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyumba yangu. Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake, nikanyoosha mkono. Akampa ofisa, na ofisa ndiye aliyeniletea.