Wanaovuka Tu

Ofisini walimwita Rula, na jina likamganda. Tangu atoke chuoni alikosomea mipango miji hakuna aliyewahi kumwona akichora mstari uliopinda. Watani wake walisema hata koridoni hukata kona kwa pembe mraba. Njia ya mabasi ya kasi ndiyo iliyomla ujana. Aliingia kwenye mradi nywele nyeusi, na mabasi yalipoanza kukimbia alikuwa ameshaacha kuhangaika na mvi.

Mabasi yalikuwa mazuri, hilo halina ubishi. Wauguzi na wauza maduka waliozoea kufika nyumbani watoto wamelala sasa waliwakuta wakila. Lakini njia ile ilipita katikati ya barabara kuu, imezungushiwa uzio wa chuma huku na huku, na uzio huo ulimtenga mama yake Rula na mdogo wake.

Mama aliishi upande mmoja wa barabara, mama mdogo upande wa pili. Kiharusi kilimwachia mama mdogo mkono mmoja na maneno mawili matatu yasiyoshikika. Tangu hapo hakula kwa mkono wa mtu yeyote ila wa dada yake. Jirani akijaribu, anauma meno, basi. Kwa hiyo kila asubuhi mama alivuka barabara na chupa yake ya uji. Kumhamisha walijaribu. Alishika fremu ya mlango kwa ule mkono mzima, akalia mpaka mtaa ukajaa. Mwanawe wa pekee aliaga akienda kutafuta kazi, akasema atarudi hapo hapo. Hataki aje akute mlango umefungwa.

Sasa njia ya kuvukia ilikuwa moja tu, daraja la waenda kwa miguu, ngazi tupu, na mama aliipanda hivyo hivyo mpaka goti likamwishia.

Rula akaenda kwa mhandisi mkuu.

"Mzee, naomba uwazi mmoja kwenye uzio. Upana wa mlango tu, na taa ya kuvukia."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akajisugua macho. "Rula, wewe wa kuniambia hivyo? Basi moja likisimama pale, yote ya nyuma yanasimama. Nikikupa wewe, kesho kila mtaa uko mlangoni kwangu. Haya, nipe idadi nikatetee. Walikuwa wanavuka wangapi?"

Hesabu ya abiria aliipanga Rula mwenyewe. Wahesabuji walisimama vituoni wakaandika wanaopanda na wanaoshuka, kwa kuwa mabasi hupangwa kwa idadi ya abiria. Mmoja wao, binti mwenye kofia, alikuja kumuuliza, "Na hawa wanaovuka tu, dada, niwaweke wapi?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Hao si abiria. Waache." Mpanga miji yeyote angejibu vivyo hivyo. Wakaachwa: waliokuwa wakienda kuomba chumvi, kusali, kuhani msiba, kulisha ndugu.

"Hatukuwahesabu," akasema.

"Basi wahesabuni sasa."

"Sasa hawavuki, mzee. Kuna uzio."

Mhandisi akavaa miwani yake. "Pole, binti yangu," akasema, na ikawa imekwisha.

Asubuhi iliyofuata Rula hakwenda kazini. Alimshika mama mkono mpaka chini ya daraja. Mama akatazama juu.

"Mwanangu, mmenijengea ngazi ya kwenda mbinguni, na mimi bado sijaitwa."

"Taratibu, mama. Niegemee."

Walipanda. Palipomshinda kwa miguu mama alikaa, akajivuta kinyumenyume kwa makalio, kanga ikikokota vumbi. Rula akaona haya, kisha akaona haya kwa kuona haya. Kijana aliyewapita akasema, "Kaza buti, bibi!"

"Buti ninalo, mjukuu wangu. Goti ndilo sina."

Kwenye kijukwaa cha katikati ya ngazi goti likagoma kabisa. Mama akaegemea chuma, jasho linamtiririka, midomo imepauka. Juu hapandiki, na kushuka nako kazi. Akaitoa chupa ya uji kifuani.

"Nenda wewe. Ameshinda na njaa tangu jana."

"Mama, unajua hatakula."

"Nenda."

Rula akaenda. Mama mdogo alikuwa macho, ametazama mlangoni. Rula akamwinua kwenye mto, akapoza uji, akapeleka kijiko mdomoni. Meno yakafungwa. Akabembeleza, akatania kama mama anavyotania, mwishowe akalia na kumwomba Mungu waziwazi. Uji ukashuka kidevuni, ukalowesha shingo. Mama mdogo aligeuza uso, akaendelea kutazama mlango. Mashavu yalikuwa yameshaingia ndani.

Rula akampangusa, akamwaga uji uani, akarudi darajani.

Mama alikuwa palepale. "Amekula?"

Rula alimtazama lile goti, limevimba kama boga chini ya kanga.

"Amekula, mama."

"Wote?"

"Wote."

Mama akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Ameshakuzoea, basi." Akamnyooshea binti yake mikono yote miwili. "Niteremshe nikalale. Mimi huku sipandi tena."